Mgeni wa Chumba cha Mama

Kalimpong,
21 Septemba 2014

Norden,

Nimerudi nyumbani jana mchana nikiwa mzima, miguu yote miwili ninayo ingawa mmoja unachechemea. Usianze kulalamika kwamba sikukuandikia kutoka Kolkata. Pale hospitali karatasi pekee ni fomu zao, na fomu zao hazitaki habari za mtu, zinataka ndiyo au hapana.

Dozi ya kwanza imeingia. Saa moja na nusu ya dripu, kitu chenyewe hakina rangi wala harufu. Nikamwuliza Daktari Bhaduri, "Ndiyo hii?" Akachukua kile kidaftari changu cha uziwi akaandika kwa herufi kubwa, si mikwaruzo kama yako: NDIYO HII. Nikamwambia mtu akisafirishwa kutoka milimani kwa dawa ya majaribio hutegemea angalau iwashe. Alicheka mpaka miwani ikamshuka.

Jirani yetu Nimkit alinisindikiza. Amegombana na muuza chai, na mwenye teksi, na mwanamke mmoja aliyekuwa amelala tu kitanda cha pili. Bila yeye ningepotea, lakini usimwambie.

Kisigino walichokikata mwaka jana kimepona. Mitoki ya kwenye nena ndiyo imefikia yai la kware, na mapafuni yale mabaka mawili bado yapo. Sasa wewe, Profesa wa Panya, uliyesoma miaka kumi na miwili kwa pesa ya sketi za shule nilizoshona mimi, niambie kwa lugha ya watu: wamenimwagia nini mwilini? Na hao panya wako wanaendeleaje?

Dada yako,
Ongmit


Pune,
29 Septemba 2014

Dada,

Shikamoo, na pole kwa safari. Nitajaribu kueleza, na ukiona nakuchosha, ruka mpaka mwisho.

Ndani ya damu yako kuna askari, tunawaita seli T. Kila mmoja amezaliwa akijua sura moja tu ya adui. Anazunguka mwili mzima akitafuta sura hiyo, na wengi wanakufa bila kuiona. Lakini hata akiiona, haruhusiwi kupigana. Kumtambua adui ni ishara ya kwanza tu. Lazima seli nyingine, ile iliyomletea habari ya adui, imguse mara ya pili, kama kumwambia, "Ndiyo, hatari ni ya kweli, nenda." Akiona adui bila kuguswa mara ya pili, hafanyi kitu. Anazubaa. Na akishazubaa hivyo, mara nyingi haamki tena, hata adui yule apite mbele ya pua yake.

Mwili umefanya hivyo makusudi, kwa sababu baadhi ya askari hao wanazijua sura zetu wenyewe: sura ya ngozi yako, ya ini lako. Bila ile ishara ya pili wangetula.

Kisha ipo breki. Askari akishaanza vita, mwilini mwake huota mkono mwingine unaomnyang'anya ile ishara ya ruhusa, na vita vinapoa. Saratani yako inaishi humo, Dada, ndani ya kupoa huko. Askari wako wameiona zamani sana. Wamesimama tu mbele yake.

Dawa uliyopewa haiui kitu chochote. Inaishika breki isifanye kazi, basi. Kazi nyingine ni ya kwako mwenyewe.

Panya wangu wazima, wanene, wananidharau kama wewe.

Usikose dozi hata moja.

Mdogo wako,
Norden


Kalimpong,
26 Oktoba 2014

Norden,

Nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nilifunga mlango. Wamesimama tu mbele yake! Mtu hawezi kuandikiwa sentensi kama hiyo halafu akaenda kupika.

Dozi ya pili tayari. Na kuna jambo. Mitoki ilianza kuwasha, kuwasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki. Siku nne. Siku ya tano niliigusa nikaona imepungua. Juzi nimeigusa tena, ni kama punje ya hindi.

Jambo la pili. Mgongoni mwa mkono wa kulia imetokea alama nyeupe, ndogo kama kifungo cha shati. Nikadhani ni chaki ya kushonea, nikaisugua. Kesho yake zilikuwa tatu. Sasa ziko shingoni na pembeni ya mdomo, nyeupe pepe. Mke wa mwalimu mkuu amekuja kuchukua vitambaa vyake. Alisema mumewe amebadili rangi ya sare, lakini wakati anasema alikuwa akiitazama mikono yangu, na vitambaa alivikunja kwa ncha za vidole. Nimeishi na watu hawa miaka hamsini na mbili.

Kwa hiyo nimehamishia cherehani chumba cha Mama, kilichokaa kitupu tangu afariki, mbele ya kile kioo chake kirefu. Kule mwanga ni mzuri na mpita njia hanioni.

Yule mwanamke wa kitanda cha pili anaitwa Sutapa. Alimwambia nesi kwamba anaharisha damu. Palepale wakamtoa kwenye majaribio. Nilimwona akivaa viatu vyake. Aliniandikia kwenye kidaftari: "Ningenyamaza."

Nieleze huu weupe.

Ongmit


Pune,
3 Novemba 2014

Dada, Dada, Dada!

Huo weupe ni habari njema. Sikuandikii kukufariji, naandika kama mtu wa kazi hii. Saratani yako ilizaliwa kutoka kwenye seli zinazoipa ngozi rangi. Askari waliofunguliwa breki wanaisaka rangi hiyo popote ilipo, kwenye uvimbe na hata kwenye ngozi isiyo na kosa. Unapoona ngozi inakuwa nyeupe, jua uvimbe nao unashambuliwa. Mitoki imekuwa punje ya hindi! Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu wa maabara na wamepiga makofi.

Naomba upige picha mikono, shingo na uso, kila wiki, mahali pamoja penye mwanga uleule. Weka rula pembeni tupate vipimo.

Huyo mke wa mwalimu mkuu ashone mwenyewe.

Kuhusu Sutapa, daktari anajua anachofanya. Wewe ukiwa na tatizo lolote uwaambie. Lakini najua wewe ni mgumu kama jiwe la kusagia, huna tatizo.

Norden


Kalimpong,
23 Novemba 2014

Norden,

Picha hizo hapo, na rula. Umeomba rula kana kwamba nina kiwanja cha kuuza.

Dozi ya tatu imeingia. Mitoki siipati tena, hata nikiitafuta kwa vidole viwili. Nyusi zimekuwa nyeupe, kope pia. Mbwa wa Nimkit, ninayemlisha mifupa tangu akiwa wa kubebwa mkononi, ananiona getini anarudi nyuma akiunguruma. Siisikii sauti yake, naona meno tu.

Nimkit alimleta yule mzee wa matambiko kutoka kijiji cha chini. Hakuniuliza ninaumwa nini. Aliketi, akanitazama usoni muda mrefu, kisha akamwambia Nimkit (nilimsoma midomo), "Mung, pepo mbaya, hajaingia. Waliomo ni wake mwenyewe." Akakataa chai, akaondoka. Nimkit anasema mzee amezeeka. Mimi nilitaka kumwambia kwamba mdogo wangu ameniandikia maneno hayohayo kutoka Pune.

Baridi mwaka huu imewahi. Nalala sana. Hata gundruk, mboga yetu ya kuchachusha, hainiiti, imekuwa na ladha ya msumari. Ni hali ya hewa.

Panya wako hukunieleza vizuri. Wale unaowafungua breki, wanaishi muda gani?

Ongmit


Pune,
1 Desemba 2014

Dada,

Naandika kwa haraka, tuna wageni wa kukagua maabara. Picha ni nzuri mno, nimezibandika ukutani juu ya meza yangu. Kuhusu panya, ni hadithi ndefu, na panya si mtu. Nitakueleza nikija Februari. Imebaki dozi moja tu. Vaa soksi mbili.

Norden


Kalimpong,
14 Desemba 1986

Kwa Bwana Norden Sitling,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Niwie radhi kwa kukusumbua katika kazi zako.

Naandika kuhusu mgeni. Sijui amekuja siku gani, mlango sikuufungua mimi. Anakaa chumba cha Mama, kwenye cherehani. Ni mwanamke mtu mzima, nyusi nyeupe, kope nyeupe, uso una mabaka kama nguo iliyomwagikiwa dawa ya kufulia. Amejitanda shali yangu ya kijivu. Nilimsalimu, akanisalimu, ila mdomo wake ulicheza tu. Nikija na kikombe, naye ana chake tayari. Hanywi mpaka mimi ninywe.

Ana adabu, siwezi kumsingizia. Lakini naona hajui kwamba nyumba hii ina wenyewe. Nilimwuliza anamtafuta nani. Aliniuliza vilevile. Nikanyoosha mkono kumwonyesha mlango, naye akanyoosha wake, ukanigusa vidoleni, baridi sana.

Mama akirudi sokoni nitamweleza. Wewe ukitoka shule pitia mlango wa nyuma, usimshtue.

Wako mtiifu,
Ongmit Sitling


Siliguri, hospitalini,
22 Desemba 2014

Dada,

Umelala mbele yangu na daktari amesema nisikuamshe. Naandika ili ukifungua macho uwe na kitu cha kusoma.

Barua yako ilinifikia Ijumaa saa nne asubuhi. Nilipoona mwaka 1986 na "Bwana Norden" nikacheka, nikadhani umenikasirikia. Maisha yako yote hujawahi kuniomba radhi. Nikafika kwenye habari ya mgeni. Nikarudia. Nyumba hiyo naijua, Dada. Mbele ya cherehani hakuna kiti cha pili. Kuna kioo.

Nikainua macho, picha zako zikanitazama kutoka ukutani. Wiki kwa wiki, nyeupe na nyeupe zaidi, na mimi nilikuwa nikipima weupe. Sikuwa nimeona kwamba uso umevimba na macho yamekufa.

Nikampigia Nimkit. Alikuwa Gangtok, binti yake amejifungua, akarudi asubuhi ileile. "Hata mzigo sijautua," akasema. "Kwani kuna nini?"

"Nenda kwa Dada. Usikate simu."

"Mlango uko wazi... Ongmit! We Ongmit! Ona nami, nampigia kelele kiziwi."

"Yuko wapi?"

"Jikoni hayupo. Chai imeganda kikombeni." Nikasikia mlango ukisukumwa. "Norden. Yuko chumba cha Mama, sakafuni. Amekikumbatia kioo."

"Anapumua?"

"Anapumua. Wa baridi. Ananitazama..." Nimkit, ambaye hajawahi kuogopa kitu, akaanza kulia. "Ananitazama kama hajawahi kuniona."

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine, na kwa kupitia hizo mwili unapata nguvu, joto, hamu ya kula, chumvi ya damu, hata akili ya kujua leo ni siku gani. Askari wako walimaliza uvimbe wa nena, wakaenda kwenye ngozi, kisha wakaipata hiyo. Nilipiga simu hapa kabla hamjafika, nikamwambia daktari ampigie Bhaduri. Walikupa homoni kwa mshipa. Kesho yake mchana uliomba maji na kumwambia nesi kofia yake imeshonwa vibaya. Nilikuwa nashuka kwenye ndege Bagdogra Nimkit aliponiambia, nikakaa chini palepale kwenye ngazi, watu wakinipita.

Karani wa posta anasema ulikuja na barua ukiwa umevaa viatu viwili tofauti, ukampa mkono na kumshukuru kwa utumishi wake. Hakumwambia mtu.

Sasa panya. Wale wanaozaliwa bila ile breki kabisa wanaishi wiki tatu, pengine nne. Nilimpasua wa kwanza nikiwa mwanafunzi. Moyo wake ulikuwa mkubwa na mweupe, umejaa askari wake mwenyewe mpaka haukuwa na nafasi ya kupiga. Nimelijua hilo miaka kumi na moja. Uliniuliza mara mbili. Kwanza nilikuandikia wanene, halafu nikakuandikia hadithi ndefu.

Niliogopa ungekataa dawa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili, nilitaka kuona ikifanya kazi.

Norden


Kalimpong,
18 Januari 2015

Norden,

Umeondoka na soksi zangu.

Nimesubiri wiki mbili hasira ipoe ndipo niandike, haijapoa, kwa hiyo naandika nayo. Ulinipigia makofi. Ulikaa na wenzako mkapiga makofi. Mimi nilikuwa hapa namsugua mtu kwenye kioo na hatoki, na wewe unaomba rula.

Sasa zamu yangu. Kichwa kilianza kuniuma mwanzoni mwa Novemba, hapa nyuma ya macho. Kisha nikaanza kuona uzi mmoja kuwa nyuzi mbili. Hospitali ile fomu ina maswali kumi na manne. Maumivu ya kichwa? Uchovu? Kuona vibaya? Niliandika hapana mara kumi na nne, dozi ya tatu na ya nne, kwa mwandiko safi. Kila nikishika kalamu nilimwona Sutapa akivaa viatu. Daktari Bhaduri alinipigia saluti kwa utani. Kwa hiyo usijisifu kwamba muongo ni wewe peke yako.

Naishi kwa vidonge sasa, asubuhi na mchana, maisha yote. Nikiugua homa nameza mara mbili. Nimkit amejifunza kupiga sindano ya dharura kwa kuchoma machungwa. Anaisubiri siku yake kwa hamu, naiona machoni.

Ile barua uliyoiacha kwenye droo nimeisoma. Mwandiko ni wangu, hata ule mkia wa herufi yangu ya g. Nimejaribu kumkumbuka aliyeiandika. Nakumbuka dozi ya nne, nakumbuka treni, nakumbuka Nimkit akifunga mzigo wa Gangtok, halafu nakumbuka kofia ya nesi. Katikati hakuna kitu, si giza wala ndoto. Kuna mtu alikaa katika nyumba yangu siku tisa, akachemsha chai yangu, akajua anuani yako, akakuandikia kwa heshima. Nami sikuwapo.

Kinachonisumbua si woga wake. Barua nzima hana woga. Anamhurumia yule wa kwenye kioo kwamba hajui nyumba ina wenyewe.

Cherehani nimeirudisha sebuleni. Watu waone wasione, shauri yao. Lakini nikitaka kuingia chumba cha Mama, Norden, nabisha hodi kwanza. Usicheke.

Ongmit


Pune,
27 Januari 2015

Dada,

Sijacheka.

Picha nimezitoa ukutani. Sikuzitupa, zimo kwenye bahasha yenye jina lako, siyo namba. Nimemwandikia Daktari Bhaduri kila kitu, na fomu ulizojaza uongo pia. Unitukane. Amejibu kwamba Sutapa yuko hai. Walipomtoa walimtibu utumbo, na uvimbe wake umeendelea kupungua bila dozi nyingine. Alikuwa akikuulizia.

Kwenye maabara nimeomba nipewe kazi nyingine ya miezi michache. Profesa aliuliza sababu. Nikamwambia nina ndugu.

Norden


Kalimpong,
22 Machi 2015

Norden,

Nimetukana, Nimkit ni shahidi. Kisha nikamwandikia Sutapa. Amejibu kurasa sita, tano za malalamiko kuhusu mkwe wake. Nimempenda.

Nimetoka Kolkata juzi. Sasa wana fomu mpya, swali la kumi na tano limeongezwa, Bhaduri anasema ni kwa ajili yangu: nani anakufahamu kiasi cha kujua ukiwa si wewe? Wameacha mstari mmoja. Kalamu ilisimama kidogo. Nikaandika jina lako, na chini yake la Nimkit kwa sababu wewe uko mbali na una tabia ya kutumia rula.

Kisha akanionyesha picha ya mapafu. Baka moja limekwenda kabisa. La pili lipo, dogo kama punje ya dengu, na halijasogea tangu Desemba. Nikaandika kwenye kidaftari: "Limekufa?"

Alifikiri, akaandika, akafuta, akaandika tena: "Huenda. Au limezungukwa, halifi na haliondoki. Kwa picha hatuwezi kutofautisha."

"Mpaka lini?"

Akaweka kalamu chini. Ni mtu mwema, hakuniandikia namba.

Njiani kurudi nilikaa dirishani na mkono juu ya kifua, upande ule. Nimkit akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia la, nasikiliza. Akasema, "Wewe kiziwi, unasikiliza nini?" Nikamwambia alale. Ila nakuambia, Norden, kuna utulivu humo ndani ambao si wa mtu aliyelala. Ni wa watu wengi waliosimama.

Leo asubuhi mke wa mwalimu mkuu amekuja. Hakuvua viatu, hakutaka kukaa. Alisimama na kitambaa cha kijani, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, akaandika kwenye kidaftari changu kwamba anataka sketi arobaini muhula utakapofunguliwa, na kola za kuvuliwa na kuoshwa peke yake. Akauliza kama mwezi wa saba nitakuwepo.

Nimeandika ndiyo. Nimeanza kukata.

Ongmit